Shoga, udongo wa volkano sio mmoja

Chumbageni, Tanga

Shoga angu mpenzi,

Salamu nyingi toka huku, mama anakusalimu sana anauliza baridi ya Moshi umeizoea au bado. Voisi yako nimeisikiliza yote, na kuhusu kile kiwanja cha huko chini tambarare ambacho dalali anakwambia udongo wa volkano mama chochote ukipanda kinaota, nakuomba usilipe kwanza. Hela yako najua ulivyoihangaikia.

Hapo kwenye volkano hajakudanganya, Kilimanjaro yote ni volkano. Ila mwamba ni mwanzo tu shoga, udongo unakujakuwa vipi inategemea maji kiasi gani yamepita ndani yake na joto kiasi gani limeufanyia kazi kwa maelfu ya miaka, na vyote viwili vinabadilika kadri unavyopanda mlima. Kila mita 100 joto linashuka kama digrii 0.6 ivi, na mvua upande huo wenu wa kusini inaongezeka mpaka unafika msituni kwenye mita 2,000 na kitu, huko kwa mwaka inazidi milimita 2,000, afu ukipita hapo inapungua tena mpaka kule karibu na kilele cha Kibo ni jangwa la baridi. Kule juu mwamba ni wa volkano uleule lakini udongo wa maana hakuna, barafu inapasua mawe basi yanabaki changarawe.

Msituni sasa. Mvua nyingi, baridi, majani yanaoza taratibu sana, kwahiyo udongo mweusi, mwepesi mkononi, umejaa mboji na unashika maji ajabu. Ila una tabia ya kuikamata fosforasi, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea, na kuing'ang'ania, unaweka mbolea mmea hauioni. Ukishuka kwenye vihamba vya migomba na kahawa, joto limeongezeka na mvua bado ipo, hapo mwamba umeoza mpaka chini sana, chuma kimeshika kutu ndo ule wekundu unaouona, udongo wa kina, mizizi inaenda inakotaka. Huo ndo udongo watu wanaousifia wakisema volkano, na huo dalali ndo anakuuzia kwa maneno.

Chini tambarare ni habari nyingine kabisa. Mvua kidogo, jua kali, maji hayatoshi kuosha udongo, kwahiyo kalsiamu na magnesiamu na chumvichumvi zinazoshuka na maji toka juu zinabaki palepale, unatokea udongo wa mbuga, mweusi tii, wenyewe watu wakiuona mweusi wanadhani ni mboji kumbe sio. Udongo huo ukinywa maji unavimba unanata kwenye viatu, ukikauka unasinyaa unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia. Sio kwamba hauna rutuba, jamani, mpunga unaupenda maana maji hayakimbii, lakini wewe unataka migomba na unataka kujenga, na nyumba juu ya mbuga kwa msingi wa kawaida kuta zinapasuka kila msimu.

Na usije ukadhani mvua peke yake inatosha. Angalia hapa kwetu Amani, kule milimani, mvua ipo tele na msitu umefunga, Wajerumani miaka ya 1890 wakaona vile wakapanda kahawa Usambara Mashariki wakijua udongo mnono, haikufika mbali. Mwamba wa Usambara ni mkongwe mno na sio volkano, mvua imeshauosha, rutuba karibu yote iko kwenye majani yanayooza juujuu, ukikata msitu umeikata nayo. Kilimanjaro mwamba bado ni mchanga kwa umri, una kitu cha kutoa.

Kwahiyo fanya hivi, nenda kiwanjani sa hivi kiangazi, uchimbe shimo la kina cha mita moja. Ukiona nyufa na vidonge vyeupe, vidondoshee siki, vikitoa povu hiyo ni chokaa, jua uko mbuga. Ukiona wekundu ulio sawasawa toka juu mpaka chini hapo tunaongea bei. Picha ya ukuta wa shimo nitumie WhatsApp, na udongo kidogo wa juu na wa chini tia kwenye mifuko tofauti uniletee ukija Idi, nitaupeleka kituo cha utafiti wa kilimo Mlingano wakaupime.

Wako akupendaye.