Kwa mdogo wangu, kabla hujasaini

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mkataba ulionitumia, ule wa kuingiza sauti kwenye katuni, nimeusoma wote, mpaka ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo. Nakujibu hapa hadharani kwa ruhusa yako, maana wapo vijana wengi wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki na Kihindi, kwenye katuni na matangazo, na huenda wamewekewa kipengele kama hicho chako. Nitakifikia. Kwanza nataka umjue Jennifer Hale, mwigizaji wa sauti za katuni na gemu.

Sauti yake umeishi nayo tangu utotoni bila kujua jina lake. Yule mtoto wa tajiri, mdekaji, kwenye katuni ya The Powerpuff Girls, ndiye yeye. Mwalimu mpole, Bi. Keane, ni yeye pia, na yule mwovu Sedusa vilevile. Kwenye katuni ya Totally Spies! kwa Kiingereza ni Sam, mmoja wa wasichana wapelelezi, tena ni Mandy anayewakera Sam na wenzake, kwa hiyo wanapogombana ni mtu mmoja anajijibu mwenyewe. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 amekuwa pia Cinderella wa Disney katika filamu zilizofuata ile ya zamani.

Alizaliwa Labrador, Kanada, akakulia Alabama, kusini mwa Marekani. Huko alisomea uigizaji katika shule ya sanaa, na angali kijana akaanza kusoma matangazo ya redio. Mwaka 1994 akampata Ivy, msichana mpelelezi kwenye katuni ya Carmen Sandiego, na tangu hapo kazi zikafuatana. Hilo la uigizaji nakusisitizia kwa sababu nyumbani wanakusifia kwamba unajua kuiga sauti za watu. Ni kipaji, sikatai. Lakini Hale hakufika alipofika kwa kuiga. Alifika kwa kuigiza, na tofauti yake utaisikia vizuri zaidi kwenye gemu.

Chukua Metroid Prime ya mwaka 2002. Samus, shujaa wa gemu hiyo, haongei. Kazi ya Hale ilikuwa pumzi, miguno, maumivu na ukelele wa kufa. Atakayekuambia hiyo si kazi, mwambie asimame mbele ya maiki afe kwa kuungua, kisha afe kwa kuanguka, kisha afe kwa kipigo, na kila kifo kiwe na sauti yake, halafu kesho yake aamke na sauti ya kusalimia watu.

Kisha sikiliza Mass Effect. Hapo ndipo mimi huwa naishiwa maneno. Ni gemu tatu, za mwaka 2007, 2010 na 2012, zilizotengenezwa na kampuni ya BioWare. Mchezaji ni Kamanda Shepard, na anachagua awe mwanamume au mwanamke. Mark Meer ndiye sauti ya mwanamume, Hale ya mwanamke, na maneno yao karibu yote ni yale yale. Sasa fikiria ugumu wake. Kwenye filamu mwigizaji anajua mhusika wake ametoka wapi na anakwenda wapi. Hapa mchezaji ndiye anayeamua: Shepard anaweza kumhurumia adui au kumpiga risasi, na kila njia lazima irekodiwe. Sentensi moja inaweza kuja baada ya majibu matatu tofauti, na lazima isikike kweli baada ya yote. Anarekodi peke yake ndani ya kibanda. Mtu anayejibizana naye hayupo. Mara nyingi skripti anaiona pale pale anapotakiwa kuisoma.

Na katika hali hiyo akatupa kamanda wa kike asiyepaza sauti ili aheshimiwe. Hakumfanya mkali kupita kiasi, wala hakumlainisha ili apendwe. Anatoa amri kama mtu aliyezoea kutiiwa, na akichoka unausikia uchovu kwenye neno la mwisho tu. Kwangu huo ni uigizaji wa daraja la juu, uwekwe jukwaani au kwenye gemu.

Lakini kamanda huyo wa kike hakuwekwa kwenye jalada. Matangazo yalimbeba Shepard wa kiume, na BioWare wenyewe walisema mwaka 2011 kwamba ni asilimia 18 tu ya wachezaji waliomchagua mwanamke. Mashabiki wake walipiga kelele mpaka gemu ya tatu ikatoka na jalada la kugeuza, upande mmoja yeye. Gemu hizo ziliporudishwa upya mwaka 2021, waliomchagua walikuwa asilimia 32. Hale mwenyewe, Guinness, wale wa rekodi za dunia, walikuwa wameshamtambua mwaka 2013 kuwa mwanamke aliyetia sauti kwenye gemu nyingi kuliko wote.

Sasa nirudi kwenye mkataba wako.

Tarehe 21 Oktoba 2016 waigizaji wa sauti za gemu nchini Marekani, kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, waligoma. Hale, mwenye jina kubwa kiasi hicho, alisimama nao. Walidai malipo ya ziada gemu ikiuza sana. Walidai vipindi vya kupiga mayowe vipunguzwe kutoka saa 4 hadi saa 2, kwa kuwa wenzao walikuwa wanaumia koo. Walidai hata kuambiwa ni gemu gani wanayoifanyia kazi, maana mara nyingi walifichwa. Mgomo ulidumu karibu mwaka mzima na hawakupata yote. Tarehe 26 Julai 2024 wakagoma tena, safari hii kwa sababu ya akili mnemba: kampuni ikishakuwa na sauti yako, inaweza kuitengenezea maneno ambayo hujawahi kuyatamka. Mkataba wao mpya na kampuni za gemu, uliopitishwa Julai 2025, unataka idhini ya mwigizaji kwanza.

Soma tena kipengele cha nne cha mkataba wako. Kinasema sauti yako itatumika "kwa namna yoyote, kwa teknolojia iliyopo na itakayokuja, bila malipo ya ziada." Wewe huna chama cha ukubwa ule nyuma yako. Una mimi, na una wale wenzako wanne mnaofanya nao kazi studio. Zungumza nao kabla ya Jumatatu. Mkienda pamoja hawatakuona mkorofi.

Waombeni waandike jina la katuni, idadi ya vipindi, na kwamba sauti zenu hazitafundishiwa mashine wala kunakiliwa bila idhini yenu ya maandishi na malipo yake. Wakikubali, saini kwa moyo mweupe, maana kazi yenyewe ni nzuri na unaiweza. Wakikataa, nipigie usiku huo huo, hata kama umeshachelewa. Na mayowe ya kipindi cha tatu waombe uyarekodi mwisho wa siku, si asubuhi.

Dada yako