Barua ya wazi kwa shangazi yangu anayekuja Dar

Shikamoo shangazi,

Ile picha ya karatasi uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Kumbe wenzako wa kwaya wote wameshafika Dar, na kila mmoja kakuandikia pa kwenda na pa kula: Coco Beach, Kariakoo, Feri, Makumbusho, Mbudya. Siku zenyewe tatu! Sibishani nao, hakuna walipokosea. Ila wamekuandikia wapi, hakuna hata mmoja aliyekuandikia saa ngapi, na mji huu ukiukosea saa unakukatalia.

Chukua hiyo mihogo ya Coco. Mwaka juzi nilimpeleka mgeni saa nane mchana, jua la utosi, mihogo iliyopoa, mchanga unaunguza hadi tukaruka kama bisi. Akarudi kwao akisema Coco hamna kitu. Wewe tutakwenda saa kumi na moja jioni, na isiwe Jumapili maana Jumapili hata pa kusimama huna. Saa hiyo mkaa umekolea. Muuzaji anauokota muhogo kwa vidole kana kwamba hauungui, anaupasua katikati, anaupaka chumvi na pilipili kwa kipande cha ndimu, kachumbari juu. Kula hapohapo, ukiubeba nyumbani unakuwa kuni. Tukishiba tunasogea Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022. Waenda kwa miguu wana njia yao, upepo ni wa bure, na magoti yako yakigoma tunarudi na bajaji.

Soko la samaki la Feri ni asubuhi, shangazi, tena mapema. Saa moja samaki wanashushwa na mnada umechangamka, wanaume wanatajiana bei kwa kasi ambayo hata mimi mwenyeji naambulia nusu. Unachagua samaki wako, unampeleka kwa wakaangaji. Ukienda mchana utakutana na harufu tu. Viatu vya wazi usivae, pale chini maji hayakauki. Tukitoka hapo tunapanda kivuko cha Kigamboni, nauli shilingi mia mbili. Hatuendi kutafuta kitu ng'ambo. Nataka usimame ukingoni uutazame mji kutoka majini, na lile kanisa la Azania Front na paa lake jekundu. Kwa mia mbili, sijui raha nyingine ya bei hiyo hapa mjini.

Makumbusho ya Taifa tumeyawekea adhuhuri, jua linapokuwa halina huruma. Wewe uliyefundisha historia miaka yote ile kwa kuchora fuvu ubaoni, ndiyo nyumba inayolitunza fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu Mary Leakey aliyempata Olduvai mwaka 1959. Kuna na magari ya zamani ya viongozi. Nakujua, utasoma kila kibao, kwa hiyo mimi nitatafuta benchi.

Kariakoo nakuomba twende kabla ya saa nne, tununue vitenge tutoke. Mkoba mbele, kifuani. Utakuwa unanihadithia njiani habari za Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, maana jina limetoka huko, na mimi nitaitikia huku nikiangalia mkoba.

Kisiwa cha Mbudya tukiache. Boti zinatoka Kunduchi na samaki wa kuchoma wa kule ni watamu, lakini wewe hata bwawani ulikuwa unashika nyasi.

Kuna kimoja wenzako hawakukuandikia, nadhani kwa aibu: supu ya pweza. Huanza jua likizama, meza ndogo, taa moja, sufuria inatoka mvuke. Yule ninayekula kwake mimi anamkatakata pweza vipande, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unakula, na mwisho anahesabu vijiti vyako ndiyo anakutajia bei. Utaona vijana wanacheka wakikuona. Waache, wana mambo yao kuhusu pweza. Kikombe kimoja tu, kisha uniambie.

Kutoka Singida panda basi la alfajiri hadi Dodoma, halafu treni ya SGR. Nitakuwa stesheni kabla hujafika. Mafuta ya alizeti lete, asali lete. Kuku, shangazi, safari hii aje amechinjwa. Sidhani kama watu wa treni watatuelewa.

Mwanao wa Dar