Usipande treni ya Ijumaa

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Mswada wa riwaya yako nimeumaliza jana baada ya isha. Yule nahodha na maneno yake ya Kimvita nimemuona mbele yangu kabisa, hilo sikufichi. Lakini usiupeleke Nairobi Ijumaa. Sura ya 4 haijakaa sawa.

Binti yuko Mirihi, anampigia nyanya yake Majengo, anajibiwa papo hapo. Haiwi. Mawimbi ya redio huchukua kama dakika 3 sayari zikiwa karibu, hadi 22 zikiwa mbali, tena hiyo ni kwenda tu. Watumiane sauti, kila mmoja angoje. Nyanya ajibu swali ambalo mjukuu keshalisahau. Hadithi iko hapo, nawe umepapita mbio, kama kawaida yako.

Kabla hujagusa sentensi nyingine, chora jedwali: sura, tarehe, umri wa kila mtu, saa ya Mombasa, saa ya Mirihi. Siku ya kule yaizidi yetu kwa dakika 40 hivi. Saa zikianza pamoja, baada ya siku 18 adhuhuri yao ni usiku wa manane kwetu. Wewe umewafuturisha pamoja Ramadhani nzima!

Roketi nayo umeielekeza Tsavo. Mbona? Setilaiti ya Uhuru iliruka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano pale baharini Ngomeni, upande wa Malindi. Mahali penyewe pana maana: ukirusha kuelekea mashariki karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unakupa mwendo wa takriban mita 460 kwa sekunde bila mafuta, na vipande vinavyoachwa njiani vinaangukia majini. Vyako vinawaangukia watu wa Voi.

Na majahazi ya Maskati hayaji Julai, hiyo ni kusi, upepo utokao kusini. Yalikuja na kaskazi, ule utokao kaskazini. Mhariri huenda asistuke, ila wazee wa Mji wa Kale watakifunga kitabu.

Ukishasahihisha, uchapishe kwenye karatasi, usome kwa sauti. Kisha mpe mtu wa fizikia na mtu asiyeijua, wala usiwaambie unapopatilia shaka. Mambo ya ISBN, ile namba ya kitabu, yatangoja.

Gesi imekwisha, napikia seredani. Mfereji wa jikoni kakako asema ameutengeneza, wadondoka vilevile. Ukipita Marikiti niletee nazi mbili na bizari, na ile tiketi ubadilishe leo, wasije wakakukata pesa.

Mamako