Mama, mwambie baba mdogo hela zile si zangu

Boston, 11 Februari 2026

Mama yangu,

Shikamoo. Mbukwenyi wote hapo nyumbani. Hela ya mabati nimeituma jana kwenye simu ya Yona, laki tatu na ishirini. Hiyo ishirini ni ya sukari yako, asiimalizie kwenye mafuta ya pikipiki.

Sasa nina jambo, nisipolisema sitalala. Yona ameniambia baba mdogo alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwamba nitajenga madarasa mawili kabla mwaka haujaisha, eti "mtoto wetu ndiye anayeshika hela za Wazungu." Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akaandika. Mama, jina langu limo kwenye daftari la kijiji kwa ahadi ambayo sikuitoa! Nilipompigia baba mdogo akaniuliza: hayo mamilioni unayoleta ofisini, asilimia kumi yako unaiweka wapi?

Hakuna asilimia kumi. Tafadhali msomee hapa polepole. Shirika letu linaandaa wakufunzi wanaokaa na mtoto mmoja mmoja mpaka ajue kusoma. Wilaya za shule zinatulipa sehemu, sehemu nyingine wanachangia wafadhili. Mimi ndiye ninayewatafuta wote hao: naandika maandiko ya mradi, napanga bajeti, nawapigia simu, nawafuata walipo. Hela ikiingia ina jina lake tayari, hii ya vitabu, hii ya mishahara ya wakufunzi wa mji fulani, na wakaguzi wanapita kila mwaka. Mimi nina mshahara, basi. Kwenye kazi hii kujikatia fungu katika ulichochangisha ni mwiko. Mfadhili akisikia hela ya mtoto imeingia mfukoni mwa aliyeiomba, harudi tena, na anayeumia ni yule mtoto. Kuambiwa na damu yangu kwamba naficha fungu kumeniuma sana.

Kazi yenyewe imekuwa ngumu kidogo. Wakati wa Uviko serikali yao ilizipa shule karibu dola bilioni 190, na muda wa kuzipangia matumizi zile za mwisho ulikwisha Septemba 2024. Wilaya zikaanza kubana. Wenzangu watatu walipunguzwa. Mimi nipo, Mungu ni mwema.

Lakini mwezi uliopita nimeleta mkataba wa miaka mitatu! Miezi 14 nimeufukuzia. Yule mama anayesimamia shule za wilaya alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu akalifunga kabrasha langu lote la takwimu, akaniuliza wewe mwenyewe ulijifunzaje kusoma? Nikamwambia: kitabu kimoja, watoto wanne, sakafuni. Wawili upande huu, wawili upande ule, na mimi nilikuwa upande ule. Nilizijua herufi zikiwa kichwa chini miguu juu kabla sijazijua zikiwa wima. Mbele yake palikuwa na barua imemwelekea yeye. Nikamsomea kutoka nilipokaa, mstari kwa mstari, mpaka kwenye sahihi. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mhasibu wake. Mkurugenzi wetu alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, na nilitamani uwe pale, Mama, umevaa kile kitenge cha kwaya.

Theluji imefika dirishani. Yona alinitumia picha ya kreti la zabibu za shamba la marehemu baba, nyeusi, bado zina vumbi. Niliiangalia muda mrefu.

Kuhusu madarasa, siwezi kuipitisha hela ya ofisini kwetu huko. Ninachoweza ni kuandika. Kamati ya shule ikae, ihesabu wanafunzi na matofali yaliyopo, iniletee gharama za fundi, nami nitaandika andiko usiku nikitoka kazini. Wafadhili wanaosaidia shule za huko nitawatafuta mwenyewe. Hela ikipatikana iingie akaunti ya shule, isipitie kwa mtu yeyote, awe baba mdogo au mimi. Na yeye arudi kwa mwenyekiti, ile ahadi ikafutwe mbele ya watu walewale waliopiga makofi.

Jumapili mwite awe hapo saa tatu usiku, huku itakuwa saa saba mchana. Nitampa shikamoo yake kwanza, kisha tutaongea.

Akipatikana mtu wa kuja huku, nitumie mlenda mkavu, ule anaousaga mama mkubwa. Wa dukani una mchanga.

Mwanao,
Neema