Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: Mpeni nesi kalamu ya eksirei

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Mimi ni nahodha wa mashua ya abiria na mizigo baina ya Siyu, kisiwani Pate, na Amu, yaani mji wa Lamu. Udaktari sikuusomea. Hili ninalokuandikia nimefunzwa na mguu wa baharia wangu.

Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Tuling'oa nanga Siyu alfajiri maji yakiwa yamejaa, maana kule, yakishapwa, chombo hakiingii wala hakitoki. Tulipofika Amu, kijana aliruka kwenye ngazi za gati kabla sijafunga kamba. Akateleza juu ya mwani, mguu ukampinda. Kabla hatujashusha gunia la kwanza, kifundo kilikuwa kimevimba kama embe dodo. Tukampandisha punda, tukampeleka hospitali moja ambayo jina lake naliacha. Sikuja kumshitaki mtu.

Saa mbili na nusu tulikuwa mbele ya nesi wa mapokezi, mama mtu mzima aliyeizoea kazi yake. Alimbonyeza kijana ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake kwenda juu. Akafanya hivyo hivyo upande wa ndani. Akabonyeza pembeni mwa wayo, pale mfupa wa kidole kidogo unapoanzia, na ule mfupa wa ndani katikati ya wayo. Kisha akamwambia, "Inuka mwanangu, nipigie hatua nne." Kijana akachechemea, akazitimiza.

"Mfupa hauumi nikiubonyeza, na amekanyaga. Huu umeteguka tu," nesi akasema.

Nikamuuliza, basi twende zetu? Akatikisa kichwa. "Baba, fomu ya eksirei siandiki mimi, na kusema haihitajiki pia si kazi yangu. Msubirini daktari."

Daktari alikuwa mmoja, na wakati ule alikuwa chumba cha upasuaji na mzazi. Sina neno naye. Alitufikia saa saba, akautazama mguu kwa dakika mbili, akaandika eksirei. Foleni ya picha ikatuchukua mpaka saa tisa na nusu. Mfupa mzima. Maji ya jioni ya Siyu yalijaa saa kumi, nasi tuko Amu. Mtu atasema ningewashusha abiria Mtangawanda, gati jingine la kisiwa chetu, wapande bodaboda hadi Siyu. Ningeweza, lakini magunia ya unga ya watu na mabati yangepanda nini? Tulilala Amu, watu tisa, kwa sababu ya mguu ambao nesi alikwisha kuusoma asubuhi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni bi kizee aliyekaa nasi kwenye benchi lile. Alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwake, na mguu haukuweza kukanyaga hata hatua moja. Nesi alipomgusa mfupa wa nje, alipiga kelele tukageuka wote. Nesi akasema, huyu ni picha. Naye akasubiri hadi saa saba, ili daktari aje aseme, huyu ni picha.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia binti yangu anayesomea uuguzi. Akanambia yale mabonyezo na zile hatua nne nesi hakuyabuni. Ni kanuni za Ottawa, zilizotungwa na madaktari wa mji huo wa Kanada na kuchapishwa mwaka 1992. Walikuwa wameona kwamba karibu kila aliyefika na kifundo kilichoumia alipigwa picha, ilhali waliovunjika mfupa hawafikii 15 katika kila 100. Mapitio ya tafiti 27 yaliyotoka mwaka 2003 yalionyesha kuwa kanuni hizo karibu hazimpiti mtu aliyevunjika, na kwamba zinaweza kupunguza picha kwa asilimia 30 hadi 40. Sisi mabaharia tunaielewa hesabu hiyo haraka, kwa kuwa picha isiyohitajika hutoka mfukoni mwetu.

Uingereza na Australia ziko hospitali ambazo nesi aliyefundishwa huandika mwenyewe fomu ya eksirei ya kifundo pale mapokezini. Mgonjwa anapomfikia daktari, picha iko mkononi.

Sisemi kila mguu uachiwe nesi. Binti yangu alinionya kwamba mlevi, mtoto mdogo, aliyeumia pia kichwani, na mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, hao kidole cha nesi hakiwezi kuwaamini wakisema hawaumwi. Waende kwa daktari. Na anayerudishwa nyumbani bila picha aambiwe wazi: ukishindwa kukanyaga baada ya siku chache, rudi.

Mheshimiwa, tangu mwaka 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, kwa hiyo barua hii sikuipeleka Nairobi. Naomba waraka wenye sahihi yako, unaosema kwamba nesi wa mapokezi aliyepewa mafunzo anaweza kuagiza eksirei ya kifundo na wayo kwa kufuata kanuni hizo, na anaweza pia kuandika kwamba haihitajiki. Sahihi ndiyo kubwa. Bila waraka, siku mfupa mmoja utakapompita, nesi ataachwa peke yake, na wenzake wote watarudi kusema "msubirini daktari". Nami sitawalaumu.

Wapo watakaosema daktari atanyang'anywa kazi. Yule wetu alikuwa na mzazi mezani. Sidhani alikuwa akiutamani mguu wa baharia.

Bi kizee picha yake ilionyesha mfupa umevunjika. Alifungwa plasta jioni, tulimwacha akimtafuta mjukuu wa kumkodia punda.

Binti yangu ameziandika hatua zile kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Nitauleta ofisini kwako wiki ijayo inshallah, siku ambayo maji yataniruhusu kwenda na kurudi.

Wako,
Nahodha wa Siyu