Mnatupima kwa kugeuza miti, kazi yenyewe ni hela za watu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni muda sasa. Kila siku mabosi wa kampuni za teknolojia wanalalamika kwamba vijana wa IT hawaajiriki, wana vyeti tu. Sawa, wapo wa hivyo na siwatetei. Ila hizo intavyuu zenyewe mbona hakuna anayeuliza zikoje?

Mi ni developa, yaani naandika programu za kompyuta, nakaa Kijitonyama. Mwaka juzi niliomba kazi kampuni moja hapahapa Dar, jina silitaji. Raundi ya kwanza ikawa simu ya HR, ya pili video na jamaa aliyenipa nusu saa nigeuze mti wa baineri, ule mpangilio wa data wenye matawi mawilimawili, yaani matawi ya kushoto yaende kulia na ya kulia yaje kushoto, yeye ananiangalia tu huku anatafuna karanga, na kwangu umeme ulishakatika nimeunga intaneti ya simu, bando naliona kabisa linaisha. Nikaugeuza. Raundi ya tatu wakanipa "kazoezi" ka kufanyia nyumbani: ukurasa mzima wa malipo, mteja achague mtandao, alipe, apate risiti, na ripoti ya mwezi ya mhasibu juu. Siku nne silali. Mama anauliza usiku kucha unafanya nini, namwambia naandika kodi, zile za programu, akaenda kuwaambia majirani nimepata kazi TRA! Nikatuma. Kimya mpaka leo, hata "samahani umekosa" sijaiona. Sasa mtu unayempima uwezo tu, ripoti ya mhasibu ya nini?

Nashukuru Mungu nilipata kwingine, na toka nianze sijawahi kuombwa kugeuza mti wowote. Kazi yenyewe ni kusoma kodi ya mtu aliyeshaacha kazi na hakuacha maelezo, na zaidi ya yote ni hela za simu. Mteja anaweka namba ya siri, mtandao wa simu unamkata hela, halafu mtandao unatuma taarifa kwenye seva yetu kwamba huyu kalipa. Seva yetu ikichelewa kuitikia wao wanatuma tena, na kama hukutunza namba ya muamala unahesabu malipo mawili. Au taarifa isije kabisa, hela imekatwa, oda haionekani, na mteja yuko kwenye simu anakutukana. Hapo ndo utajua nani developa.

Na haya sio mambo yangu peke yangu. Laszlo Bock, alipokuwa mkuu wa rasilimali watu Google, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba vile vitendawili vyao vya kwenye intavyuu, sijui mipira mingapi ya gofu inaenea kwenye ndege, havitabiri chochote, vinamfanya tu anayeuliza ajione ana akili. Mwaka 2015 naye Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, akaandika Twitter kwamba Google hao hao wamemkataa kwa sababu ya mti huuhuu wa baineri, wakati mainjinia wao wengi wanatumia programu yake.

Sasa Mhariri hapa ndo penye aibu yangu. Mwaka jana bosi akaniambia nisaidie kusaili vijana, nami nikafanya nini, nikachukua swali lilelile la mti, kwa sababu ni rahisi kusahihisha. Dada mmoja aliyetoka kumaliza chuo akakwama katikati, jasho linamtoka, lakini mwishoni nilipomwambia aulize swali akauliza, hivi ninyi mtandao ukiwatumia taarifa ya malipo mara mbili mnafanyaje? Nikampa 4 kwa 10. Karatasi ya maksi haikuwa na sehemu ya swali zuri, na mimi sikuiongeza.

Siku hizi nawapa watu kipande cha kumbukumbu za seva yetu, namba za wateja nimezifuta, nawaambia mteja huyu analia hela yake, tafuta imekwama wapi. Saa moja, ofisini, intaneti yetu, chai ipo. Wiki haiishi mtu hajapewa jibu, hata kama ni la kukosa. Mabosi wengine wanaweza kufanya hivihivi, haina gharama. Wakitaka kazi ya siku nne basi wailipe kama wanavyomlipa fundi mwingine yeyote, hakuna anayemwambia fundi seremala nitengenezee kwanza kabati nione kama unajua.

Na yule dada kama anasoma gazeti hili, jibu ni kwamba tulikuwa hatufanyi chochote. Tulikuja kurekebisha baada ya mteja mmoja kuwekewa salio mara mbili akalitumia lote.

Msomaji wako,
Kijitonyama, Dar es Salaam