Kabla Hujatuletea Dumu Lako: Kipimo cha Dafnia Kinajibu Swali Gani?

Simu nyingi zinazoingia maabara kwetu Arusha huanza na ombi lilelile: "Nina sabuni mpya, nataka cheti kwamba haidhuru maji." Wengine ni waagizaji wa viuatilifu, wengine wana mitambo ya kumenya kahawa na wameandikiwa barua kuhusu majitaka yao. Jibu letu la kwanza huwakera baadhi yao. Cheti cha namna hiyo hakipo. Kilichopo ni kipimo kinachouliza swali dogo na kulijibu vizuri: ndani ya saa 48, ni kiasi gani cha kemikali hii katika lita moja ya maji kinachowafanya nusu ya dafnia wachanga, wanyama wadogo wa majini, washindwe kuogelea?

Ukilielewa swali hilo kabla ya kulipa, utajua kama unalihitaji. Wateja kadhaa tumewarudisha nyumbani na pesa zao.

Dafnia huitwa pia kiroboto wa maji, lakini na viroboto hana undugu wowote. Ni wa jamii ya kamba na kaa, mdogo kiasi kwamba jike aliyekomaa wa spishi tunayoitumia, Daphnia magna, hafiki mbali zaidi ya milimita 5. Hana uti wa mgongo, anaishi kwenye maji baridi, na siku nzima anachuja mwani na kuula. Samaki wadogo nao wanamla yeye. Dafnia wakitoweka kwenye bwawa, mwani unakosa mlaji na vifaranga vya samaki vinakosa chakula. Kuna sababu nyingine iliyowafanya wawe wanyama wa maabara duniani kote: hali ikiwa nzuri, majike huzaa bila dume, na watoto wanakuwa nakala ya mama. Dafnia wa bika hili (chombo cha kioo cha maabara) wakilemaa na wa bika lile wakabaki wazima, huna haja ya kushuku ukoo wao.

Saa 48 zinavyokwenda

Tunafuata mwongozo namba 202 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, toleo la 2004. Siku moja kabla tunawatenga mama wenye mayai. Kesho yake tunachota watoto waliozaliwa usiku huo. Sharti wawe na umri usiozidi saa 24, na wasiwe uzao wa kwanza wa mama yao. Kila ukolezi wa kemikali, yaani kiasi chake katika lita moja ya maji, hupewa dafnia wasiopungua 20, kwa kawaida watano watano katika bika nne, na kila mmoja awe na angalau mililita 2 za maji. Ngazi za ukolezi ni tano au zaidi, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa uwiano uleule usiovuka mara 2.2. Pembeni zinakaa bika za kulinganishia, zenye maji bila kemikali. Joto ni kati ya nyuzi 18 na 22, na likishachaguliwa lisiyumbe zaidi ya nyuzi 1 juu au chini. Chakula hawapewi hadi kipimo kiishe.

Wageni wanaotutembelea hushangaa kuona hatuhesabu maiti. Mnyama mdogo hivyo ni vigumu kusema kwa hakika amekufa au amezimia tu. Kwa hiyo tunalitikisa bika taratibu na kusubiri sekunde 15. Asiyeweza kuogelea anaandikwa kuwa ameshindwa, hata kama bado anachezesha vipapasio. Tunahesabu baada ya saa 24 na tena baada ya saa 48. Ndiyo maana ripoti yetu inataja EC50, yaani ukolezi unaoleta athari kwa nusu yao, na si ukolezi unaoua nusu yao.

Tuseme tumepima sabuni ya maji kwa miligramu 1, 2, 4, 8 na 16 kwa lita. Kwenye 1 hakuna aliyeshindwa, kwenye 2 wameshindwa 3 kati ya 20, kwenye 4 wameshindwa 11, kwenye 8 na 16 wote. EC50 itaangukia chini kidogo ya miligramu 4. Ripoti itakupa namba hiyo pamoja na mipaka yake ya uhakika, juu na chini. Tafadhali soma na mipaka. Bidhaa mbili zenye EC50 ya 3.6 na 4.1 zinaweza kuwa sawa kabisa, na anayeitangaza moja kuwa "bora" kwa tofauti hiyo anacheza na macho ya wanunuzi.

Maji yenyewe yanatutoa jasho kuliko wanyama. Ya bomba yana klorini, ambayo ni sumu kali kwa dafnia hata ikiwa kidogo sana. Visima vingi vya ukanda huu wa Meru vina floridi nyingi. Basi tunayatengeneza wenyewe: tunachukua maji yaliyoondolewa madini, na kwa kila lita tunatia kalsiamu kloridi ya fuwele miligramu 294, magnesiamu salfeti ya fuwele miligramu 123.25, sodiamu bikaboneti 64.75 na potasiamu kloridi 5.75. Maji haya ni magumu, yenye ugumu wa takribani miligramu 250 kwa lita ukihesabu kama kalsiamu kaboneti.

Jambo hilo linamhusu moja kwa moja anayeuza mrututu au dawa nyingine za shaba kwa wakulima wa kahawa. Katika maji magumu shaba hupungua makali. Bidhaa hiyohiyo ikiingia kwenye kijito cha maji laini inaweza kudhuru kwa kiasi kidogo kuliko tulichokipata kwenye bika. Namba yetu haitakuwa ya uongo, lakini itakuwa ya maji yetu. Ukitaka kujua hali ya kijito chako, tunaweza kuandaa maji yanayokaribia ugumu wake na kuendesha kipimo sambamba. Gharama inaongezeka, ila kwa metali nashauri ulipe.

Namba tatu za kudai kwenye ripoti yoyote

Ripoti ikifika mezani kwako, iwe yetu au ya wengine, usikimbilie EC50. Kwanza tazama bika za kulinganishia: walioshindwa kuogelea wasizidi asilimia 10. Wakizidi, kipimo kizima ni batili. Halafu tazama oksijeni mwishoni mwa kipimo, isipungue miligramu 3 kwa lita, kwenye bika za kulinganishia na zile zenye kemikali. Kisha tafuta matokeo ya potasiamu daikromati, kemikali ambayo maabara huitumia mara kwa mara kupima usikivu wa dafnia wake. EC50 yake ya saa 24 inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Ikitoka nje ya hapo, wanyama wana shida au mpimaji ana shida. Ripoti isiyo na namba hizi irudishe, hata kama ina mhuri na picha za rangi.

Baada ya hapo ndipo EC50 inakuwa na maana. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, GHS, una madaraja matatu ya sumu ya muda mfupi kwa viumbe wa majini: EC50 isiyozidi miligramu 1 kwa lita ni daraja la 1, lililo kali zaidi, zaidi ya 1 hadi 10 ni la 2, zaidi ya 10 hadi 100 ni la 3. Tukipima kwa miligramu 100 na dafnia wasidhurike, kwa kawaida hatuna haja ya kupanda zaidi, na kipimo hicho cha ngazi moja ni nafuu.

Hapa ndipo neno "asilia" linapowaangusha wafanyabiashara. Pareto inalimwa kwetu Iringa na kwa majirani huko Nakuru, ni ua tu, na watu huiuza kwa maneno matamu ya kwamba haina kemikali. Sumu zake zinaoza haraka juani, hilo ni kweli na ni sifa nzuri. Lakini kwenye maji ziko daraja la 1, na huwalemaza dafnia kwa kiasi kilicho chini sana ya miligramu 1 kwa lita. Ndugu zake wa kutengenezwa viwandani, kama saipamethrini ya kwenye majosho ya ng'ombe, ni wakali zaidi: huko tunazungumzia sehemu ya mikrogramu moja. Josho likimwagwa mtoni halihitaji kipimo cha dafnia ili ujue kilichotokea.

Pale kipimo kinapodanganya

Saipamethrini inatuletea kesi nyingine. Haipendi kukaa kwenye maji, hunata kwenye kuta za chombo. Unaweza kuweka mikrogramu 10 asubuhi na jioni ukabaki na chache tu majini. Mpimaji akiandika alichokiweka badala ya kilichobaki, kemikali itaonekana pole kuliko ilivyo. Dawa za klorini za kufulia na kusafishia nazo huisha zikiwa ndani ya bika, na mafuta kama ya karafuu huruka hewani. Kwa bidhaa za aina hii tunapima ukolezi halisi mwanzoni na mwishoni, na ukiyumba zaidi ya asilimia 20 hesabu inafanywa kwa kiasi kilichopimwa. Mteja anapouliza kwa nini bei imepanda, ukweli ni kwamba dafnia ni rahisi kufuga. Ghali ni uchambuzi wa kemia.

Majitaka ya kahawa yana ujanja wake. Maji ya kumenyea na kuchachushia ni machachu na hunyonya oksijeni, kwa hiyo dafnia wataanguka hata kama hakuna tone la kiuatilifu humo. Mwenye mtambo akipewa namba moja tu atadhani ana tatizo la sumu, anunue dawa za kutibu sumu, na shida ibaki palepale. Sisi tunapima sampuli ilivyo, kisha sehemu yake tunairekebisha uchachu na kuipa hewa kabla ya kuingiza wanyama. Wakinusurika mara ya pili, tiba yako ni bwawa la kutulizia na chokaa.

Udanganyifu mkubwa zaidi hautoki kwa mpimaji. Imidaklopridi, kiuatilifu kinachotumika sana kwenye mboga na maua, huhitaji takribani miligramu 85 kwa lita kuwashinda nusu ya dafnia. Kwa kipimo hiki peke yake ungeiweka daraja la 3 na kwenda zako. Mabuu wa kironomidi, wale visubi wasiouma wanaorukaruka juu ya maziwa yetu kama moshi, hudhurika kwa makumi ya mikrogramu, yaani mara elfu moja na zaidi chini ya hapo. Sumu hii inalenga neva za wadudu, na dafnia si mdudu. OECD ilitoa mwongozo namba 235 mwaka 2011 kwa ajili ya mabuu hao, nao pia ni wa saa 48. Ukituletea dawa ya kuua wadudu, tutakushauri ufanye vipimo vyote viwili. Ukikataa, tutaandika kwenye ripoti kwamba ulishauriwa.

Na saa 48 ni saa 48. Kemikali inayowaacha dafnia wakiogelea lakini inakata uzazi wao haitaonekana. Kwa hilo kuna kipimo cha siku 21, mwongozo namba 211, na bei yake ni ya siku 21.

Lini usitulipe

Kama unatengeneza sabuni kwa viambato vya kununua, anza na karatasi za taarifa za usalama kutoka kwa aliyekuuzia, sehemu ya 12. EC50 za viambato vingi zimeshapimwa, na GHS inaruhusu daraja la mchanganyiko likokotolewe kutokana na hizo. Kazi hiyo ni ya nusu siku na karatasi.

Kama unasajili kiuatilifu nchini, waulize kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wanataka data gani na kutoka maabara ya namna gani. Kama soko lako ni Ulaya, sheria ya kemikali ya huko, REACH, inadai kipimo hiki kwa kemikali nyingi kuanzia tani 1 kwa mwaka, lakini data ya usajili sharti itoke kwenye maabara inayofuata mfumo wa GLP, yaani kanuni za utendaji bora wa maabara. Sisi hatumo. Afrika Kusini na India wako kwenye mpango wa OECD wa kukubaliana data, huko utapata. Tunachoweza kukufanyia ni jaribio la awali la kukadiria ngazi za ukolezi, ili usilipe dola za watu kwa kubahatisha. REACH pia hukusamehe kipimo hiki kama kemikali yako karibu haiyeyuki kabisa majini, ila unaweza kuombwa kile cha muda mrefu.

Ukiamua kuja, tuletee jina na namba ya CAS (namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali) ya kila kiambato, kiwango cha kuyeyuka majini kama unakijua, na bidhaa ikiwa kwenye chupa yake halisi. Tumeshaletewa dawa kwenye chupa ya soda, na hiyo tunairudisha mlangoni. Majitaka yajazwe kwenye chupa safi mpaka juu bila kuacha hewa, yakae kwenye barafu na gizani, na yatufikie ndani ya saa 36. Piga simu siku mbili kabla ili tuwatenge mama. Sampuli za kuanzia Jumatatu hadi Jumatano tunazipokea bila shida. Ya Alhamisi mchana itatulazimu kuja kuhesabu Jumamosi, na hiyo ina nyongeza.